Mafuta ya Sili

Kazi yangu ya ulinzi Doha ni kusimama kutwa, kwa hiyo magoti yaliponisumbua nilinunua vidonge vya mafuta kutoka kwa muuguzi tuliyesali naye kanisani Mesaimeer. Nilivimeza miezi miwili. Ijumaa moja, tukingoja basi, nikamuuliza ni mafuta ya samaki gani.

“Si samaki, dada. Ni sili, mnyama wa baharini.”

Nikamtafuta mnyama huyo kwenye simu. Niliona wanaume wakiwapiga sili marungu ya kichwa, barafu ikilowa damu. Nikamgeuzia simu aone.

“Mbona mbuzi unamla?” akauliza. “Na watu wa huko kwenye barafu sili ndiye riziki yao.”

Basi likaja, tukapanda. Chupa niliitupa jalalani, lakini wiki nzima nilicheua mafuta yale, na nyama ya mbuzi nayo ikanishinda.