Shafti ya Mbele

Siku ile, uani kwetu Mambrui, tulikuwa watu sita. Mimi, kifungua mimba, wa miaka kumi na saba. Dada yangu anayenifuata, wa kumi na minne, ambaye tangu mama afariki ndiye aliyeshika jiko. Dada yetu wa pili, wa miaka tisa, mtu wa maneno machache. Kitinda mimba, mvulana wa miaka minne, aliyekuwa bado akiuliza baba atarudi na basi la saa ngapi. Ami yetu, mdogo wake baba, aliyekuja na landrova yake ya kijani kutoka ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Na shangazi, dada yao, aliyeketi kando ya ami huku amepakata kanga za kufungia nguo za watoto. Kanga zilikuwa tatu. Nilizihesabu kabla sijamwamkia.

Hitima ya arobaini ya baba ilikuwa imesomwa jana yake. Baada ya sahani kuondolewa, wazee walikata shauri: wale watatu waende kwa ami, na huko wagawanywe baina ya jamaa, mmoja huku na mmoja kule. Mimi ningebaki na kazi yangu ya gereji Malindi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha jiweza. Nilisema naweza kuwalisha wote. Nikaambiwa mtoto halei watoto, na maneno yakaishia hapo. Usiku kucha nilitafuta la kusema asubuhi, sikulipata.

Landrova niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa ikija polepole mchangani, na chini yake kulikuwa na kitu kinacholia kama kifaranga: chii, chii, chii, kikifuata mzunguko wa magurudumu. Ilipofika mlangoni ami alirudisha gia nyuma ili aigeuze, na palepale ikapiga ko. Akatia gia ya mbele, ikapiga ko tena.

Nilikuwa na miaka miwili gerejini. Niliacha shule darasa la sita na kusoma kwangu kukahamia pale. Fundi wangu alikuwa na desturi ya kutugeuza uso ukutani gari linapoingia, tuseme lina nini kabla ya kuliona. Akikosea mtu, siku hiyo ndiye anayeosha vyuma. Mlio ule niliujua. Krosi ya shafti ya nyuma ilikuwa imekauka na kuliwa, tena si kidogo.

Shafti ni lile bomba refu la chuma linalotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu, ili kuyazungusha. Kila mwisho wake una krosi, chuma kidogo chenye ncha nne, na kila ncha imeingia katika kikombe kilichopangwa sindano nyembamba za chuma. Krosi ndiyo inayoiruhusu shafti kujipinda gari linaporuka mashimo. Ikikosa grisi hulia. Ukiupuuza mlio, hugonga. Ukipuuza na kugonga, hukatika.

Basi nikasimama pale mlangoni na shauri moyoni. Nikinyamaza, gari halifiki Malindi. Litakwama njiani, watashuka, watarudi kwa miguu, na pengine ami atachoka na safari hii, na siku zitapita. Niliyafikiri hayo sawasawa, sitakataa. Halafu nikakumbuka lori moja lililoletwa kwetu likiburutwa: shafti yake ilikatika upande wa mbele, ncha ikachimba barabara kama mti uliochomekwa, na lori zima likainuka na kuanguka ubavu. Nikaliona daraja la Sabaki, na wadogo zangu wameketi nyuma.

Nikamwamkia ami, nikamwambia gari lake lisitoke.

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. "Haya, yameanza. Jana alilia na wazee, leo yuazungumza na gari."

"Krosi ya nyuma imekwisha, ami. Ikikatika mkiwa mbioni itawaua."

Ami alikuwa mtu mpole lakini hakupenda kuchezewa. Alisema landrova ile ameiendesha miaka tisa, amebeba nazi mpaka Kaloleni na kurudi, na ina kelele tangu siku aliyoinunua. Akaniambia nimsaidie shangazi kufunga nguo. Sikwenda. Niliingia chini ya gari kwa kanzu yangu ya hitima, nikaishika shafti kwa mikono miwili nikaizungusha huku na huku. Ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Kandokando ya vikombe palikuwa na unga mwekundu, mkavu, kama pilipili iliyosagwa. Ile ni kutu ya sindano zinazosagana bila mafuta. Nikaukusanya kiganjani, nikatoka nao, nikamwekea ami katika kiganja chake.

Aliusugua kwa kidole gumba. Akauliza kama naweza kutengeneza.

Krosi mpya hapakuwa nayo Mambrui. Lakini landrova ina shafti mbili, ya nyuma na ya mbele, na ile ya mbele haifanyi kazi ila mtu akitia fowili, magurudumu yote manne yavute. Krosi zake ni zilezile. Nikamweleza kwamba nitazitoa shafti zote mbili, nichukue krosi nzima ya mbele niitie nyuma. Gari litakwenda, ila lisiingizwe penye mchanga mzito. Shafti ya mbele atairudisha nyumbani imelala garini mpaka apate krosi ya kuivisha. Akakubali, akavuta handibreki, akaniambia nianze.

Nikamwambia dada yangu mkubwa alete mawe, ayatie mbele na nyuma ya kila gurudumu. Ami akasema handibreki ameivuta, mawe ya nini.

"Ami, handibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inaishika shafti hii hii ninayoitoa. Nikishaitoa, gari halina cha kulizuia, nami niko chini yake."

Miaka tisa, na hakulijua hilo. Aliinua kanzu, akaenda mwenyewe kuchukua mawe ya ukutani, na kila jiwe aliligonga kwa kisigino kuhakikisha. Shangazi hakucheka tena. Aliketi kwenye baraza na zile kanga zake, akamkata kitinda mimba kucha.

Nilikuwa na spana chache, nyundo, koleo na soketi moja kubwa nilizozileta nyumbani kwa ruhusa ya fundi. Nati zilikuwa zimeshikana kwa matope ya miaka. Nilizigonga, nikazipaka mafuta ya taa, nikazigonga tena. Hata shafti ya nyuma ikashuka. Nilipotoa vikombe, ncha za krosi zilikuwa zimechimbwa mistari, kama mtu aliyezipitishia kucha, na kikombe kimoja kilikuwa hakina sindano hata moja, unga mtupu. Ami aliinama akaona. Akasema tu, "La ilaha illallah."

Krosi ya mbele ilikuwa nzima, grisi yake bado laini. Tabu ilikuwa kuirudisha kwenye shafti ya nyuma. Kikombe lazima kiingie na sindano zake zote zimesimama. Moja ikilala, kikombe kinagoma, na ukikilazimisha unapasua. Vidole vyangu vilikuwa vinene mno kwa kazi hiyo. Mara tatu sindano ilianguka. Mara ya tatu tuliitafuta mchangani sote, hata shangazi, tukachuja mchanga kwa kichujio cha tui mpaka ikapatikana.

Ndipo dada yangu wa pili alipochuchumaa mbele yangu, akakichukua kikombe mkononi mwangu. Akazibandika sindano katika grisi moja moja kuzunguka ukuta wa kikombe, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Akanirudishia. Kikaingia. Akachukua cha pili. Vinne vyote alivipanga yeye.

Adhuhuri ilipita. Nikaifunga shafti. Ami akapanda, akaliendesha gari peke yake kuelekea barabara kuu, nasi tukasimama mlangoni kusikiliza. Kifaranga kilikuwa kimenyamaza. Lakini aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Latetemeka kuliko lilivyokuwa. Sakafu yote yapiga miguu. Wataka nini wewe? Wataka tulale hapa?"

Nilijua palepale nimefanya nini. Shafti ya nyuma ina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ili irefuke na kufupika. Nilipokuwa nagonga vikombe, vipande hivyo vilichomoka, nami kabla ya hapo sikuwa nimevitia alama. Masikio yanayoshika krosi mwisho huu na masikio ya mwisho ule lazima yaelekee upande mmoja. Yakipishana hata jino moja, shafti inazunguka kwa kuruka. Fundi wangu asingenisamehe: kazi ya kwanza ni alama, ndipo spana. Mimi nilikuwa nawaza kanga tatu.

Nikamwambia, "Kosa ni langu, ami. Sikutia alama. Nipe mpaka alasiri."

Shangazi alisema kivuko hakimngoji mtu na watoto hawajala. Dada yangu mkubwa akaenda kuwapakulia. Mimi nikarudi chini. Sijawahi kufanya kazi kwa kukata tamaa kama ile. Kwa kila nati niliyoilegeza nilikuwa naitengeneza njia ya ndugu zangu kuondoka, na kila nati ilinibidi niikaze vizuri, kwa maana wao ndio watakaokaa juu yake. Nikaitenganisha shafti, nikaichungulia kwa jicho moja toka mwisho hadi mwisho, nikayalinganisha masikio, nikaikwaruza alama kwa msumari. Nikafunga.

Safari hii ami alikwenda mbali zaidi. Aliporudi alizima injini. Halafu akaniita dirishani.

"Asubuhi ungenyamaza, saa hizi ningekuwa Sabaki nimeketi juu ya jiwe, na watoto wangebaki kwako. Hukulifikiri?"

"Nililifikiri."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema kwake wamekwisha tandika vitanda, jamaa wanangoja, na hawezi kurudi na gari tupu akaonekana hana kauli. Wawili ataniachia. Mmoja ataondoka naye. Na siku nitakayofika Kilifi na krosi mpya, nikairudisha shafti ya mbele mahali pake, nitaondoka na huyo mmoja, na wazee atawajibu yeye.

"Sema wewe. Nani?"

Walikuwa wamesimama wote watatu karibu na mlango wa jikoni, wanasikia. Mkubwa ndiye aliyepika. Bila yeye mimi nisingeweza kwenda kazini. Mdogo alikuwa ameshika kanga ya dada yake kwa mikono yote miwili, na uso wake tayari umeanza kukunjamana. Yule wa katikati alikuwa anajipangusa grisi kwa majani. Nilimtaja yeye. Nilimtaja kwa sababu nilijua hatalia.

Hakulia. Aliingia ndani akatoka na kifurushi chake, akapanda nyuma, akaketi juu ya gurudumu la akiba karibu na ile shafti iliyolala. Shangazi akaziacha kanga mbili kwenye baraza, akapanda mbele. Gari likaondoka bila mlio wowote.

Miezi saba ilipita ndipo nilipoipata krosi, kwa kuwa kwanza ilibidi tule. Nilivuka kivuko asubuhi, nikalala chini ya landrova mbele ya nyumba ya ami, nikatia alama, nikafunga. Ami alikuwa mtu wa neno lake. Alimwita dada yangu, akatoka na kifurushi kilekile. Alikuwa amerefuka na mikono yake ilikuwa na sugu za kamba ya kisima. Aliniambia shikamoo, nikaitikia, tukatembea mpaka kivukoni.

Tulipokuwa katikati ya maji, tumesimama kando ya lori la makonge, aliniuliza bila kunitazama.

"Kaka, kwa nini ulisema mimi?"

Nikamwambia nitamjibu tukifika nyumbani. Tukafika. Kitinda mimba akamrukia, dada yake akamkumbatia, chakula kikaliwa, na siku ile ikapita. Ya pili pia.

Mara moja tu alinikumbusha, miaka mingi baadaye, usiku wa harusi yake, mkono wake una hina mpaka kwenye kiwiko. Alinisogelea huku anacheka, akasema kwamba namwoza na bado kuna jambo ananidai. Nikamwambia nalijua. Akaniambia basi, mradi nalijua, hana haraka.

Sasa ana wajukuu. Ijumaa huja kutusalimia, huketi pale barazani, hunywa chai, huondoka. Sijamlipa.