Mguu wa Pikapu ya Mzee Mutua

Mbele za watu mimi sisemi, lakini nyumbani huwaiga watu mpaka dada zangu wacheke. Leo Babu alinisikia nikimwigiza Kioko, mgeni wa darasani kwetu aliyetoka bara, anavyosema Kiswahili. Hakunikemea. Aliniita ukumbini, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki moyoni. Nilikuwa sijaoa bado, fundi kamili katika gereji ya Fundi Bakari pale Ukunda. Gereji yenyewe haipo tena, wamejenga maduka, ila nikipita pale hadi leo pua yangu hutafuta harufu ya grisi.

Akaja Mzee Mutua, mkulima wa huko juu Shimba Hills, na pikapu yake kuukuu ya kubebea machungwa. Akasema, "Fundi, hii gari iko na mguu mgonjwa. Nikikata kona polepole, inagonga huko chini kwa mguu. Na inanivuta kushoto."

Nikacheka. "Baba, gari halina mguu. Lina gurudumu."

Wenzangu nao wakacheka. Unajua sisi watu wa pwani na Kiswahili chetu. Nikaweka jeki chini ya chesisi, ule uti wa chuma wa gari, nikalitikisa gurudumu la kushoto, likatulia tuli. Basi nikasema shokomzoba, zile za kupunguza mtikisiko, zimekufa, nikamfungia mpya. Akaenda kulijaribu, akarudi.

"Bado inagonga. Na kesho nabeba mama na watoto watatu, tunashuka ile mlima."

"Ni masikio yako, baba," nikamjibu.

Fundi Bakari alikuwa akinawa mikono. Akaja taratibu, akamwamkia yule mzee, akamuuliza habari za nyumbani na za shamba, ndipo akasema, "Hebu nieleze tena, kama ulivyomweleza huyu." Akamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha akaiondoa jeki yangu kwenye chesisi, akaiweka chini ya ule mkono wa chini unaoshika gurudumu. Ukiinua kwa chesisi, mwanangu, springi huusukuma mkono ule na kuibana boljointi, kile kiungo cha chuma kati ya mkono na gurudumu, ulegevu wake usionekane. Akapenyeza mtaimbo chini ya tairi, akanyanyua kidogo. Ta! Akanyanyua tena. Ta! Mpira wa boljointi ulikuwa umepasuka, grisi imekauka, na chuma chenyewe kinacheza kama jino la mtoto. Kingechomoka pale mteremkoni, gurudumu lingelala, na wale watoto wako nyuma.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Fundi Bakari hakupandisha sauti. Alisema tu, "Huyu baba alikwambia ni mguu, akakwambia unagonga, akakwambia unavuta kushoto. Kazi yote alikumalizia. Wewe ulikuwa ukimsahihisha."

Nikamwomba Mzee Mutua radhi. Akanitazama, akasema, "Hakuna neno, kijana. Sasa tengeneza mguu." Safari hii tulicheka sote, na yeye zaidi. Nikafunga boljointi mpya, na keshoye walishuka mlima salama. Toka hapo kila msimu wa machungwa alinishushia kikapu mlangoni, na mpaka anafariki hakuniita jina langu. Aliniita Mguu. Ningependa kulisikia jina hilo tena.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu anapokueleza jambo lake, usiyasahihishe maneno yake. Nenda ukaguse pale anapokuonyesha. Na usijiamini kwa kuwa umetikisa mara moja ukaona pametulia, huenda jeki umeiweka pabaya. Kesho ukifika shule, mwanzie yule kijana kwa salamu, umuulize habari za kwao, kisha unyamaze asikike yeye. Kunyamaza hakukushindi, nakujua.

Mungu akupe sikio pole na ulimi usiomvunja mtu. Akujaalie wageni wakueleze shida zao bila kuogopa, na kila utakayempokea afike kwake salama.

Babu alipomaliza, nikaitikia amina, kwa sauti ya kusikika.