Kanga ya Mama Ufukweni Azaiba

Mpaka leo nikipita Azaiba kwa gari natazama upande wa maduka tu, maana upande wa bahari kuna aibu yangu, na aibu yenyewe nimejitakia, hakuna aliyenisukuma.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya tisini inakaribia kwisha, nami nimemtaka Rahma. Posa imeshapelekwa, jibu halijaja, na babake, Mzee Nasor, mwalimu mstaafu ambaye kila alfajiri hushuka pwani na darubini yake, siku moja tukitoka msikitini akaniuliza kama nawajua ndege. Ningesema sijui, yangekwisha. Nikasema, "Wa pwani nnawajua wote, ami." (Ndege niliyemjua mimi ni kuku, tena wa kuchoma.)

"Basi Ijumaa tufuatane," akasema.

Ijumaa nikaamka nimechelewa, vikoi vyangu vyote vimo ndani ya maji ya sabuni, nikaona kanga ya mama kwenye kamba, nyekundu, ina maembe makubwa ya manjano, nikajifunga hiyo, juu yake nikavaa kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, nikajiambia nani ataona.

Wallahi asubuhi ile ilikuwa nzuri. Joto limelegeza kila kitu, bahari imetulia kama maziwa ndani ya bakuli, mbingu na maji havijulikani vinapoachana, na ndani ya ukungu ule ndege membe wamejaa mchangani, mamia, wamesimama kimya. Kichwa cha kasa kikachomoza, kikavuta pumzi (tukaisikia kabisa ile pumzi), kikazama. Nikasahau posa, nikasahau nimesimama na mkwe, nikawa kama naelea.

"Yule mweusi pale mwambani, ndege gani?" Mzee akanong'ona.

"Huyo... kunguru wa bahari, ami."

(Jina nimelitunga papo hapo.) Tukasogea, na kila tukipiga hatua membe nao wanasogea mbali. "Kanzu yako inang'ara, mwanangu, inawatisha," akasema (yeye kavaa ya kahawia). Sasa mimi, kwa kutaka sifa, na asubuhi ile imeshanilewesha, nikavua kanzu. Nimebaki na fulana, na maembe kutoka kiunoni mpaka miguuni! Mzee akashusha darubini, akanitazama, akaipandisha tena akaelekea baharini. Kwa haya nikalala kifudifudi, nikaanza kutambaa kuwafuata ndege kana kwamba ndivyo wajuzi wanavyofanya.

Wakaruka wote kwa pamoja, weupe juu ya kichwa changu, nami nimeachama nawatazama, mpaka nikasikia mlango wa gari. Rahma na mamake, wameleta chupa ya chai na vitumbua.

"Hiyo kanga," mamake akasema, "si ile niliyompa mamako alipokuja kuposa?"

Nikainuka kwa pupa, fundo likalegea, nikalidaka, nikakimbia nimeshika kanga mkono mmoja na kanzu mkono wa pili, na wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu wakanipigia makofi. Rahma amejiziba mdomo kwa shela, mabega yanamtikisika. Niliona haya mpaka nikatamani kasa yule anichukue.

Jibu likaja wiki ya pili. Mzee Nasor alikuja nalo mwenyewe, hakutuma mtu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Kanga tumeicheka nyumbani siku tatu, haina neno," akasema. "Lakini nlikuuliza ndege, ukanambia kitu usichokijua. Na mimi nlitaka kukupa mwanangu."

Niliumia, sifichi, nikaumia mwaka mzima. Tangu hapo nikiulizwa kitu, hata njia ya kwenda sokoni, kama sijui nasema sijui, na sitarudia tena kujifanya. Rahma yupo Al Khoudh na watoto wake. Nasikia mumewe naye alipelekwa pwani alfajiri, akaulizwa yule ndege gani, akajibu, "Simjui, ami. Nambie."