Niliulizwa kwao ni wapi, nikamtaja baba yake

Admin, jina langu libaki kwako, Likasi ni mji mdogo. Nina miaka sitini na moja, ni mjane. Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao wanne, majuto sijayaona. Nalala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha.

Miaka ya themanini nilianza kazi kwenye kiwanda cha shaba. Shaba iliganda juu ya bamba la titani ndani ya asidi, sisi tukaibandua. Bamba lile tuliliita mama, kwa sababu lilizaa kila siku na lenyewe halikuisha. Kazi ilitaka watu wawili, mmoja kila upande. Mwenzangu aliitwa Placide. Miaka minane tulikula sahani moja.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiwanda kilipoanza kufa, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakawa wanafukuzwa mjini. Asubuhi moja chef, msimamizi wetu, alikuja na orodha ya wafanyakazi. Placide alikuwa amekwenda kuchukua glavu.

"Mwenzako ni muntu wa wapi?"

Baba yake alikuwa Mkasai, mama yake Mlamba wa hapa hapa. Mimi pia ni Mlamba, na kwetu mtoto ni wa mama, hata mlevi analijua hilo. Ningesema "ni wetu", yangeishia pale. Lakini tulikuwa tumesikia kila bamba litabaki na mtu mmoja, mwenzake aachishwe kazi.

"Baba yake ni Mukasai," nikajibu. Sikudanganya.

Placide akarudi na glavu zake na zangu. Chef akamwambia asivae.

Alipandishwa treni kwenda Kasai, kwa watu asiowajua, akafa njiani. Miezi michache baadaye kiwanda kikasimama, nami nikarudi nyumbani kama wengine.

Mama yake Placide yuko hai. Kila Jumapili baada ya misa nampelekea unga, na parokiani wananisifu. Jumapili iliyopita akaniuliza:

"Ni nani alisemaka mutoto wangu ni Mukasai? Minye niko Mulamba. Mutoto ni wa mama."

Nikasema sijui. Akanishika mkono.

"Minye siko na mutoto ingine. Siku nikikufa, weye njo utanizika."

Nikaitikia, nikanywa chai yake. Sikusikia kitu moyoni.

Nishaurini ndugu zangu. Nikimwambia, atabaki bila mtoto mara ya pili, na ana miaka themanini na tano. Nifanye nini?