Penye Watu Hapakosi pa Kulala

Mwezi uliopita, tukijiandaa kwenda Iringa kwenye harusi, binti yangu alipiga simu mara mbili tu, tukapata vyumba na maji ya moto juu yake. Nilimtazama, nikanyamaza. Wewe unanijua: nikinyamaza hivyo, ujue nimeshafika mbali.

Miaka ya sabini baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Alikuwa na lori kuukuu, na nyuma yake alijenga kibanda cha mbao na turubai. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la mkaa na makopo ya vipuri. Shule zikifungwa tulipanda watatu, baba, mama na mimi, tukaenda popote mashine ilipogoma: Makongolosi, Ubaruku, hadi Kalenga. Hatukutanguliza barua wala salamu. "Penye moshi pana watu," baba alisema, "na penye watu hapakosi pa kulala."

Na kweli, hatukukosa. Tulilala nyuani kwa watu, kwenye viwanja vya kanisa, kando ya maghala ya mpunga ambako pumba ziliingia hadi kwenye chai. Nilichambua maharage lori likiwa linatembea, sinia magotini, mengine yakirukia sakafuni. Mpaka leo nikisikia harufu ya dizeli na vitunguu vinavyokaangwa, nageuka kumtafuta mama.

Safari yetu ya mwisho mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa Juni, tumeshapita Makambako, na baridi ya kule inakata masikio. Nikamwona ameng'ata pindo la kanga, jasho linamtoka.

"Mama, unaumwa?"

"Kidogo tu. Usimwambie baba yako, atakimbiza gari atuangushe."

Alasiri tukaacha lami, tukaingia kijiji kimoja. Mimi na baba tulishuka kumwona balozi wa nyumba kumi.

"Barua ya utambulisho iko wapi?" aliuliza.

"Sina, mzee. Mimi ni fundi tu, niko na familia."

"Juzi lori kama hili limeondoka na ng'ombe wa watu. Bila barua silazi mtu hapa."

Baba hakuzoea kukataliwa. Angeomba mara ya pili, pengine mambo yangekuwa mengine. "Hamna shida," alisema. "Mbele kuna watu." Maneno yalinifika kooni: mama anaumwa. Nikayameza. Nilikuwa na miaka tisa, nimeambiwa nisiseme.

Njia ilikuwa mashimo matupu. Hatujamaliza mlima wa pili mama akapiga kelele. Baba alisimamisha lori kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona. Akatoka mama mmoja wa Kibena, mjane, wala hakuuliza barua. "Mwingizeni ndani, mnangoja nini?" Akanituma mbio kwa jirani, mkunga.

Alizaliwa mtoto wa kiume, jua halijazama. Alikuwa mwepesi hata baba akaogopa kumshika. Aliishi mpaka kesho yake mchana.

Watu wasiotujua hata jina walichimba kaburi, wakaimba, wakatupikia makande. Baba alikaa kwenye gogo nje, akasema, "Angejua yule balozi."

Mama akajibu toka ndani, "Na wewe ungejua."

Hakuna aliyenitazama. Lakini mimi nilikuwa nikijua.

Baba hakutuchukua tena. Alisafiri peke yake, na kabla ya kila safari aliandika barua, akakaa kungoja majibu hata mwezi mzima.

Nilipokuwa mtu mzima, nilimweleza mama jinsi nilivyonyamaza mbele ya balozi. Alikuwa akipeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu," alisema, "hata mimi nilikuwa na mdomo." Akaendelea kupeta.

Wote wawili wametangulia, na yule mjane bila shaka naye. Juzi tukielekea harusini nilimwomba binti yangu tupinde kidogo tuingie huko. Nyumba hazipo, kijiji kimehamia kando ya lami, na milima yote ni misonobari. Mahali alipolala mdogo wangu sasa napajua mimi peke yangu, na hata mimi sina hakika kama ilikuwa kulia kwa njia au kushoto.