Mashimo ya Stima

Nianze na aibu yenyewe ili mcheke mara moja, halafu tuendelee: mimi, mtu ambaye nimesomea mashimo miaka na miaka, niliingia ndani ya shimo mchana kweupe mbele ya nusu ya kanisa letu, nikakwama mpaka kwapani, na ni nikiwa humo ndani ndipo nilipoulizwa maswali kuhusu kazi yangu. Pale kwetu Kimulot wako wanaonicheka hadi leo. Wacheke. Shida yangu ni kwamba wengi wanaisimulia vibaya, wanasema eti niliwaahidi watu stima, na hilo sikubali hata mkinifunga kamba, kwa hivyo leo naisimulia mwenyewe.

Kwanza mjue nilikuwa nimerudi nyumbani kungoja neno moja tu kutoka kwa mama. Nilikuwa nimemaliza digrii ya pili ya fizikia, nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kufanya uzamifu, kila kitu tayari, kimebaki tu mama aseme nenda. Na hakuwa anasema. Tangu baba atuache, mwenye sauti kwetu ni Baba Mdogo Kipkemoi, na Baba Mdogo alikuwa ameshanitafutia kazi ya ofisi kwa kiwanda cha majani chai (kazi nzuri, sikatai, unakaa na sweta yako na chai unakunywa bure), na kila jioni alikuja jikoni kwa mama akaketi, akaanza, eti msichana anazeekea darasani akisoma kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukigusa. Mama anamimina chai, ananyamaza. Mimi nami nilikuwa nimeapa sitoki pale kwa kutoroka. Mama aseme niende, ama nibaki.

Basi Jumapili ikafika, na katikati ya ibada pasta akaniona, akasema, "Chebet, hebu kuja mbele uambie washirika unasomea nini huko." Sasa kanisani kwetu ukipewa maiki unaongea Kiswahili, kwa sababu kuna Mama Wanjiku wa duka na kuna majirani zetu Wakisii waliofanya kazi kwa mashamba makubwa ya chai wakazoea hapa, halafu kando yako anasimama Shemasi Kirui kutafsiri kwa Kipsigis ili nyanya zetu wasikie. Na Shemasi Kirui ukimpa sentensi moja anatoa tatu, na ya tatu huwa ni mahubiri.

Nikasema hivi, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi nikioga: "Mimi nachunguza shimo, na nachunguza stima. Ukielewa shimo, umeelewa stima." Nilimaanisha shimo jeusi, lile la huko angani lenye kuvuta kila kitu, hata mwanga ukiingia hautoki. Na stima nilimaanisha ile inayopita kwa vitu vilivyopozwa sana, inapita bila kupotea hata kidogo. Shemasi Kirui akafunga macho, akavuta pumzi, akawaambia kwa Kipsigis kwamba Mungu amemwinua binti yetu, sasa ndiye mkubwa wa mashimo ya stima, na ng'ambo hii ya mto haitalala giza tena! Amina iliyopigwa hapo, mabati yalilia.

Mjue stima kwetu ilifika senta, kule kwenye maduka makubwa, ikagoma kuvuka mto. Nguzo ya mwisho imesimama kando ya daraja, na sisi wa ng'ambo hii tunaangalia taa za wenzetu kila jioni.

Sasa, Kipsigis nimezaliwa nayo. Nilisikia kila neno. Ningemkatiza pale pale tungemaliza, lakini hebu niambieni, unamkatizaje shemasi watu wakiwa wamesimama wanapiga makofi, na mama yako, mara ya kwanza tangu urudi, ameinua kichwa anatabasamu? Na tena (hapa mnisikilize) mashimo ya stima! Haki ya nani, maneno mawili, na yalikuwa karibu na kazi yangu kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Nikajiambia ametafsiri vizuri tu. Nikasema amina na mimi, nikarudisha maiki, nikaenda kukaa.

Kesho yake nikaenda Bomet mjini kwa rafiki yangu, kwa sababu nilikuwa na mazungumzo na mwalimu wangu kwa kompyuta, na huku kwetu kompyuta ikizima imezima. Nikakaa huko mpaka Jumatano. Kumbe huku nyuma Baba Mdogo (huyo huyo wa kiwanda) alikuwa ameshika usukani. Alisikia mashimo, akaona serikali imekuja kupitia mtoto wa kakake, akaita wanaume na mitaimbo, akawaambia tukichimba wenyewe nguzo zikifika haziwezi kurudi. Wakaanza darajani. Wakapanda na kilima. Na kwa sababu mimi ndiye injinia, wakaona ni heshima laini ipite kwanza kwetu, wakaingia kwa chai ya mama, wakang'oa miche iliyokuwa njiani bila kumuuliza, yeye akiwa ameenda kuchuna upande wa chini.

Nikashuka kwa boda pale darajani, nikaona watu. Nikadhani kuna msiba. Kisha wakaanza kuimba, na ule wimbo ulikuwa na jina langu ndani. Mama Wanjiku alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, linalopakana na shamba letu, kando ya friji mpya, bado iko ndani ya katoni, ameiegemea kama ng'ombe wake. "Injinia! Karibu, Injinia! Lori iko nyuma?"

"Lori gani?" nikauliza.

Hakuna aliyenisikia. Kina mama wakanisukumasukuma njiani hivyo hivyo na nyimbo, na nyanya mmoja akanyoosha mkono anisalimie, nami kwa adabu nikasogea pembeni nimsalimie kwa mikono miwili, na hiyo pembeni haikuwepo. Wenye kujua shimo la nguzo wanajua: jembamba, refu, na mvua ilikuwa imeanza kulijaza. Nilishuka moja kwa moja kama muhogo unaorudishwa ardhini. Mkoba ukabaki juu, mikono ikabaki juu, buti moja ya mpira ikanyonywa na matope huko chini.

"Ngai! Injinia ameingia!" Mama Wanjiku akapiga mayowe.

Na kijana fulani, sitamtaja, akasema kwa sauti, "Si ndiye mkubwa wa mashimo? Anapima."

Watu wakacheka, nikacheka kidogo pia, niseme ukweli. Shemasi Kirui akanishika mkono akavuta, shimo likakataa. Ndipo Baba Mdogo akaja na mtaimbo wake begani, akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, akaniuliza kwa upole kabisa, "Chebet, sisi tumemaliza yetu. Nguzo ziko wapi?"

Nikaona zile nyuso zote zimeniinamia, watu wameacha kazi zao, mikono imetoka malengelenge, na nyuma yao nikamwona mama anapanda kutoka shambani na kikapu mgongoni, anaangalia miche yake imelala mizizi juu. Jamani, uongo ulikuwa hapo hapo mdomoni! Kusema tu, "Zinakuja wiki ijayo," nivutwe nje, nipewe chai, na baada ya wiki nimeshasafiri. Nikakasirika. Nilijikasirikia, nikamkasirikia shemasi, nikamkasirikia hata huyo nyanya.

"Hakuna nguzo," nikasema. "Hakukuwa na nguzo. Shimo langu si hili."

"Ni gani?"

Nikawaambia. Mkinicheka mnicheke, nilisomesha fizikia ya mvutano nikiwa ndani ya udongo mpaka kwapani. Nikasema kuna vitu ukivipoza sana vinapitisha stima bila kupoteza kitu, lakini vingine hesabu yake ni ngumu, chembe zote zinavutana kwa pamoja, na hakuna anayeweza kuimaliza. Basi wajanja fulani wakagundua hesabu hiyo inaweza kutafsiriwa kwa lugha nyingine, lugha ya shimo jeusi, na huko inakuwa rahisi. Huku stima, kule shimo, habari ni moja. "Kazi yangu ni kama ya Shemasi Kirui," nikasema, "lakini mimi sina ruhusa ya kuongeza." Hapo hata pasta alicheka.

"Na shimo linatuambia nini?" Mama Wanjiku akauliza, mkono bado juu ya friji.

"Linatuambia likipoa vya kutosha, linaota nywele."

Uui. Hapo sasa. Watu walilala chini. Nikapaaza sauti juu ya kicheko, nikawaambia ndiyo, nywele, ndivyo tunavyoita, ni kama ukungu unaozunguka shimo na hauondoki, na ukungu huo ukishika, upande wa pili stima inaanza kupita bila kupotea. Nikasema yote. Sikuruka hata kitu kimoja.

Baba Mdogo alingoja kicheko kiishe. Mtu mzima anajua kungoja. "Hilo shimo umewahi kuliona?"

"Sijaliona. Ni la hesabu."

"Hiyo stima yako inaweza kuwasha taa moja? Moja tu, ya hapa?"

"Haiwezi."

"Itaweza lini?"

"Sijui, Baba Mdogo. Pengine nitakufa haijaweza. Na bado nataka kwenda."

Akasimama, akageuka kwa watu akifungua mikono, kama kusema mnaona wenyewe. Kisha akamwangalia mama. "Umesikia na masikio yako. Mwambie aanze kazi kiwandani."

Mama akatua kikapu. Alikuja mpaka ukingoni, akakaa chini kwa matope na rinda lake la kazi, akanitoa tope shavuni kwa kidole gumba. Hakuwa anamwangalia mtu mwingine.

"Mimi niliogopa kitu kimoja," akasema. "Niliogopa unatudanganya huko. Ya kwamba hakuna masomo, ni maneno tu. Sijaelewa hata kidogo hiyo habari ya nywele. Lakini ungesema nguzo zinakuja, hawa wote wangekubeba juu, na bado ukasema ukweli." Akageuka. "Kipkemoi, mtoto anaenda. Na chai yangu utaipanda wewe."

Nililia ndani ya shimo, mnaweza kuongeza hiyo kwa zile hadithi zenu. Walinitoa kwa kamba ya ng'ombe, buti ikabaki. Mama Wanjiku hakuniongelesha mpaka nikaondoka, na sikumlaumu, friji ni friji.

Sasa niko huku ng'ambo, na watu huku pia huuliza. Kwa karamu, kwa basi, kwa kinyozi. Nimeapa sitasema tu "ni mambo ya stima" nikaponyoka, na mtu akitafsiri vibaya nitamkatiza hata akiwa katikati ya sala. Ninachunguza shimo ambalo sijawahi kuliona, linaloota nywele, ili nielewe stima ambayo haiwashi taa ya mtu yeyote. Ukitaka kucheka, cheka. Nitangoja umalize, halafu nitaendelea.