Tinti ya Mchana

Dada yangu alifika kwetu Kianjokoma asubuhi moja akiwa na jino lake mkononi. Alikuwa amelifunga kwa karatasi ya chapati. Aliniwekea kiganjani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akakaa kwenye gurudumu la trela yangu, akaanza kucheka.

"Nilifikiri madaktari wanaweza kulirudisha," akasema.

Mdomo ulikuwa umefura, maneno yanatoka na damu. Mkono wa kushoto alikuwa ameuning'iniza kwa leso. Mumewe alikuwa amempiga kwa spana ya gurudumu huko kwao karibu na Maua, kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Dereva wa pikapu ya miraa alimhurumia, akamkalisha juu ya magunia, na vile hizo gari hukimbia, kabla ya jua kutoka alikuwa Embu.

Simu yake ililia tukiwa bado tumekaa hapo. Alipokea, akaniwekea sikioni. Sauti ya shemeji ilikuwa tulivu kabisa, kama mtu anayeagiza mbolea. "Yeyote aliyeshika simu hii, mwambie nikimpata nammaliza. Mwambie hivyo tu."

Nilimwambia hivyo tu.

Mama alisema dada asilale kwa nyumba, kwa sababu nyumba ndiyo mahali pa kwanza mwanamume kama huyo atatafuta. Basi akalala kwa trela.

Hiyo trela wacha niieleze. Ni kisanduku cha bati na mbao juu ya magurudumu mawili, cha kukokotwa na gari, ndani kina kitanda na kimeza. Msafiri mmoja aliiacha nyuma ya gereji pale Embu mjini, ikakaa hadi kuku wakaanza kutagia ndani. Mwenye gereji aliniambia nikiivuta iondoke mbele ya macho yake ni yangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, shule niliachia kidato cha pili, lakini ndoto hazinishindi. Nilikuwa naona kabisa watu wa Nairobi wakiilipia ili walale kando ya msitu, waamke waone mlima, wachemshe kahawa, waseme, "Aki huyu kijana ana akili."

Nilikuwa na daftari. Ukurasa mmoja niliandika KUJISITIRI, mwingine STIMA. Kwa stima nilitaka paneli moja ya sola juu ya paa na betri mbili za sola, si za gari, maana betri ya gari ukiimaliza kila usiku inakufa mapema. Taa nne nyeupe. Mahali pa kuchaji simu. Fyuzi, na waya nene isiyopata moto. Sanduku la betri nilichomelea mimi mwenyewe, nikaliweka mbele, chini ya ule mkono wa kufungia gari.

Kwa kujisitiri nilimuuliza dada, kwa sababu sasa ndiye aliyekuwa mgeni wangu wa kwanza.

"Niwekee mapazia mazito," akasema. "Na komeo ya ndani. Hii ndoano yako hata paka anaifungua."

"Mapazia? Trela itakaa kama kibanda cha mganga."

"Afadhali ya mganga."

"Ngoja uone. Mimi ni mtu wa kisasa."

Nikaleta tinti, ile karatasi ya kung'aa ya kubandika kwa kioo. Nilibandika madirisha yote mawili saa sita mchana, jua likiwa kali, nikisukuma mapovu kwa kipande cha sahani. Dada akaingia ndani. Mimi nikasimama nje nikikunja uso, nikitoa ulimi.

"Unaniona?" akauliza.

"Najiona mimi tu! Na nimependeza!"

Nilimsikia akicheka ndani, kicheko cha pengo, na nikajisikia kama nimejenga ukuta wa mawe. Mapazia tukayasahau. Ni mimi niliyesema tuyasahau. Komeo nikaandika kwa daftari, chini kabisa, baada ya friji ndogo.

Siku zile zote alikuwa akikaa gizani jioni, maana betri nilikuwa bado sijazifunga. Nilizifunga siku ya tano. Mchana kutwa sola ilizijaza, na giza lilipoingia nikamwita dada, nikamwambia abonyeze swichi. Taa nne zikawaka pamoja. Aliinua mkono wake mzima kuziba macho, akasema, "Wewe mtoto wa mama, umeniletea mchana." Alikuwa hajachana nywele vizuri tangu aje, kwa sababu hakuwa na mwanga wala kioo. Nilimwachia kioo changu cha kunyolea, nikaenda jikoni kwa mama kula githeri, nikitembea kama mkurugenzi.

Hata sijamaliza kikombe cha chai nikasikia pikipiki ikizima pale langoni.

Shemeji aliingia jikoni bila hodi. Alikuwa amevaa shati safi. Ile spana ilikuwa mkononi, ameishika chini, kando ya paja.

"Mama, hamjambo," akasema. "Mke wangu yuko wapi?"

"Mimi ndiye ningekuuliza hivyo," mama akajibu, bila kuacha kukoroga sufuria. "Hapa hajafika."

"Hajafika?"

"Nimesema hajafika. Ulimpeleka wapi mtoto wangu?"

Mama alisema uongo vizuri sana, hata mimi karibu niamini. Shemeji naye alisita. Niliona mabega yake yakishuka. Aligeuka aende, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi nyuma yake.

Huko nje, katikati ya giza, dirisha la trela lilikuwa linawaka kama televisheni. Ndani yake dada yangu alikuwa anachana nywele kwa mkono mmoja. Unaona leso. Unaona jino halipo. Tinti huficha upande wenye mwanga mdogo, sasa najua. Mchana upande huo ulikuwa wake. Usiku, mimi na taa zangu nne, tulikuwa tumeugeuza.

"Na yule ni nani?" shemeji akauliza, polepole.

Nilimrukia mgongoni. Alinitupa kwa mawe ya meko kama gunia, sufuria ikamwagika mguuni kwangu, na nilipoinuka alikuwa ameshafika kwa trela. Alipiga dirisha mara moja. Kioo kilipasuka lakini hakikuanguka, tinti ikakishikilia. Akapiga ya pili. Ndani dada alikuwa analia jina la mama. Ya tatu ikatoboa. Akaingiza mkono, akamshika nywele zile zile alizokuwa amechana, akamvuta kwenye vioo mpaka mabega yakatoka nje. Damu ilishuka kwa bati. Akainua spana, na nilijua analenga kichwa.

Niliokota kando ya trela kipande cha chuma cha pembe, mabaki ya sanduku la betri. Nilimpiga nacho kwa goti. Bado nakumbuka mlio wake, kama kuni kavu. Alimwachilia dada na kunirudishia moja ya sikio, na mpaka leo sikio hilo halisikii vizuri. Mama naye alikuwa katikati ya uwanja akipiga nduru.

Kwetu nduru haiulizwi sababu. Watu walitokea njia za mashamba ya majani chai, walitoka vibandani, na mipini ya majembe, na mapanga, na fimbo za mti wa kahawa. Mtu mmoja alimuona dada uso mzima umejaa damu, na hapo ikawa hakuna maneno. Walimwangusha shemeji. Nilisikia mbao zikigonga mwili, hupp, hupp, kama watu wanapura maharagwe. Mwanzo nilifurahi. Sitaficha. Hata nilimpiga teke moja la mbavu.

Kisha jirani mmoja mchangamfu, mtu ambaye hunipa ndizi, akasema, "Leteni petroli kutoka kwa pikipiki yake."

Shemeji alinitazama kutoka chini. Jicho moja lilikuwa limefunga. Alisema, "Kijana, niokoe," na mdomoni mwake pia mlikuwa na pengo jipya.

"Hakuna mtu atachomwa kwa boma yangu!" mama alipaza sauti. Alishika mguu mmoja wa shemeji, mimi nikashika kwapani, tukamburuta katikati ya fimbo, nyingine zikitupata sisi, tukamsukuma ndani ya trela. Dada tayari alikuwa jikoni, ameegemea mlango, taulo usoni. Mama alisimama mbele ya ile ndoano isiyoweza kuzuia paka.

Lakini taa zilikuwa bado zinawaka. Kila mtu alimuona shemeji vizuri, amejikunja kitandani chini ya blanketi la dada. Jiwe la kwanza likaingia palipovunjika. La pili likavunja dirisha lile lingine. Walikuwa wanalenga. Swichi ilikuwa ndani, mbali na mkono wangu.

Nilitambaa chini ya trela hadi mbele, nikafungua sanduku la betri, nikang'oa waya kwa mikono. Cheche ziliniunguza vidole. Giza likashuka. Mawe mawili matatu yakagonga bati, halafu mtu akauliza, "Yuko wapi?" na mwingine akasema, "Angalieni msimpige mama." Walisimama pale wakihema. Chifu alipofika na askari wawili, nusu yao walikuwa washaondoka, fimbo zao wameziacha nyuma.

Shemeji alipelekwa hospitali kwa pingu, baadaye kortini. Dada alishonwa uso na bega, na kwa siku mbili hakuniongelesha. Siku ya tatu nilikuwa naokota vioo ndani ya trela. Alikuja akasimama mlangoni.

"Yeye ulimzimia taa," akasema. "Mimi uliniwashia."

Nilitaka kumweleza habari ya tinti, upande wa mwanga na upande wa giza. Badala yake nililia kama mtoto, na kipande cha kioo mkononi. Aliniacha nilie mpaka nimalize, kisha akaniambia nilete daftari.

Akaandika mwenyewe, kwa mkono mzima. Ukurasa ule wa KUJISITIRI na ule wa STIMA akaziunganisha kwa mstari, zikawa kitu kimoja. Komeo ya chuma, ndani, juu na chini. Swichi ya kuzima taa zote, karibu na mto, unaifikia umelala. Taa moja nyekundu, hafifu, iwe ya kawaida, na zile nyeupe ziwashwe mtu akitaka. Mapazia ya blanketi mbili zilizoshonwa pamoja, yenye reli chini na juu ili upepo usiyafungue. Friji akaikata.

Nilifanya yote kwa wiki moja, pamoja na vioo vipya. Komeo niliichomelea mara mbili, kwa sababu ya kwanza aliipiga teke, akasema, "Hii ni ya kuku."

Shemeji ametolewa kwa dhamana. Tulisikia juzi kwamba anatembea kwa gongo na anauliza watu njia ya kuja kwetu, kama hajui. Kila jioni, kabla ya dada kuingia kulala, tunafanya jaribio, na sasa anayekaa ndani ni mimi. Navuta mapazia, nawasha taa zote nne. Natoa ulimi, nakunja uso. Yeye huzunguka trela nje polepole, upande wa jikoni, upande wa lango, anainama pale kwenye pembe.

"Unaniona?" nauliza.

Nasikia miguu yake kwenye nyasi, anarudi dirisha la kwanza, anahakikisha tena.

"Sikuoni," anasema. "Toka sasa, niingie."